Gari ya umeme Dar mpaka Moshi: betri siyo ishu, ishu ni hapo katikati

Kila Desemba ikikaribia swali linarudi lilelile, mtu kaona Nissan Leaf, gari ya umeme iliyotumika Japani, ipo yadi, bei haijakaa vibaya, anauliza wakuu hii kitu nikiondoka nayo Dar krismasi itanifikisha Moshi? Majibu yanagawanyika hapohapo, kuna wanaosema inafika bila shida, mbona Ulaya watu wanavuka nchi mbili tatu nayo, na kuna wanaosema utalala Mkata na watoto ndani ya gari. Mi naona pande zote mbili zinabishania betri, na betri siyo penye tatizo. Gari ya umeme yenye betri ya maana hiyo safari inaiweza. Barabara ndiyo bado haijawa na pa kuichaji, na hiyo ni ishu nyingine kabisa, dawa yake nyingine na gharama yake nyingine.

Ila kwanza tusidanganyane kwenye namba, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Dalali akikuuzia Leaf ya betri ya uniti 40 (kilowati-saa, uniti zilezile za LUKU), ile iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2017, atakwambia inatembea kilomita 400. Wala hadanganyi, namba hiyo ipo kwenye makaratasi ya Kijapani, ilipatikana kwa kipimo chao cha zamani kinachoitwa JC08. Kwa kipimo chao kipya gari hiyohiyo inapewa 322, Ulaya wakaipa 270, Wamarekani wakaipa 243. Gari moja, betri moja, namba nne tofauti, na bahati mbaya inayofika yadi za kwetu ni ile kubwa kuliko zote. Ya kushika ni ya Wamarekani, halafu uanze kuipunguza, kwa sababu hiyo ni ya gari mpya na wewe unachukua iliyokwisha kutumika Japani miaka kadhaa. Betri ikiwa imebaki na afya ya asilimia 85, zile uniti 40 zimeshakuwa 34, na kwa ulaji wa uniti 15 hivi kila kilomita 100, AC imewashwa, unapata kama kilomita 220 mpaka gari izime, na mtu mwenye familia ndani hasafiri mpaka gari izime, lazima uache akiba. Kwa hiyo shika 180.

Sasa ipeleke hiyo 180 barabarani. Dar mpaka Chalinze ni kama 110, mpaka Segera inafika 280, Korogwe 300, Same karibu 450, Moshi 550 na kitu. Yaani umeshavuka daraja la Wami, Mkata hujaiona bado, na akiba ndiyo unaanza kuila. Wale wa Mkata kwa hiyo hesabu yao haiko mbali, kwa Leaf ya 40 unahitaji kuchaji mara mbili kabla ya Moshi, na kama kwenu ni Marangu au Rombo ni heri uongeze ya tatu. Ukiwa na Leaf ya uniti 62, ambayo Wamarekani waliipa kilomita 364 ikiwa mpya, hapo stori inabadilika, Korogwe unaingia bila kutetemeka na unahitaji kuchaji mara moja tu, tena sehemu ambayo hata mwenye petroli anasimama kula.

Kuna kitu kipo upande wa gari ya umeme na watu hawakisemi kabisa. Barabara zetu ni za taratibu. Ulaya gari ya umeme inaishiwa haraka sababu mtu yuko 120 au 130 masaa mawili mfululizo, na upinzani wa upepo unapanda kwa mraba wa spidi, gari ikiwa kwenye 120 upepo unaipinga mara mbili na robo ya inavyopingwa kwenye 80. Sasa kwenda Moshi nani anakaa 130? Ukitoka kwenye kibao cha 50 unaingia kingine, mbele kuna matuta, nyuma ya mwembe kuna trafiki na tochi, kati ya Korogwe na Same una malori matatu yamefuatana na hakuna pa kuovateki. Wastani wako ukijitahidi sana ni 65 mpaka 70. Kwa gari ya petroli huko kupunguza na kuongeza ni hasara tupu, ila ya umeme ukikanyaga breki au ukiachia tu mafuta (tunasema mafuta kwa mazoea) mota inageuka jenereta na inarudisha umeme kwenye betri. Haurudi wote, ila unarudi. Kwa hiyo vibao vya 50 ambavyo tunavilalamikia kila siku ni rafiki mkubwa wa Leaf, na mtu anayechukua uzoefu wa Mjerumani kwenye barabara isiyo na kikomo cha spidi akauleta Hedaru anakosea kwa upande wa kuogopa kupita kiasi.

Mlima nao unaogopwa kuliko unavyostahili. Gari yenye watu na mizigo tuseme tani 1.9, kuitoa usawa wa bahari Dar mpaka Marangu kwenye mita kama 1,400, ukipiga hesabu ya fizikia ya sekondari, uzito mara mvutano mara kimo, inakuja uniti 7 na kidogo, ongeza za kupotea njiani fanya 8. Siyo ndogo, ni kama kilomita 50 za tambarare zimeondoka, na mbaya zaidi sehemu nzuri ya huo mlima inakukuta mwishoni ukitoka Himo kupanda, wakati betri ndiyo imechoka. Ila siku ya kurudi unashuka na debe la ndizi na sehemu kubwa ya hizo uniti unazikuta njiani. Kurudi Dar ni rahisi kuliko kwenda, hilo mwenye IST hawezi kukwambia.

Haya, sasa tufike hapo katikati.

Mtandao wa chaji za haraka ambao unaweza kuutegemea kati ya Dar na Moshi kama unavyotegemea sheli, haupo. Kwa hiyo wanaosema inafika, ukiwabana wanakwambia utachaji gesti. Sawa, tuipigie hesabu gesti. Soketi ya kawaida ukutani ukiikamua amp 10 bila kuyeyusha plagi inakupa kilowati 2.3. Betri yako ya uniti 34 ikiwa tupu inahitaji kama masaa 15, ukiingia saa 12 jioni unatoka kesho yake saa 3 asubuhi, kama umeme haukukatika, kama waya wa hiyo gesti haukuwekwa na fundi aliyekuwa anajifunza, na kama mwenye gesti hajaja kukugongea usiku kuuliza nani anamaliza LUKU. Maana uniti 34 siyo mchezo, kwa bei ya mteja wa kawaida ya shilingi 292 kwa uniti, ukiweka na kodi na tozo inafika kama 356, hiyo ni elfu 12 na ushee, na chumba chenyewe labda umelipa elfu 30. Atakuongezea, na ana haki. Halafu safari ambayo watu wanatoka saa 11 alfajiri na saa 8 mchana wako Moshi wewe imekuwa ya siku mbili au tatu, na hizo gesti zote umelipia vyumba.

Ukifika nyumbani kuna ishu nyingine ambayo sijaona mtu anaigusa. Bibi kijijini mara nyingi yuko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zikizidi 75 zile za juu zinaruka mpaka 350. Wewe umekuja na Leaf, umechaji siku uliyofika, umechaji tena siku ya kuondoka, tayari umemla uniti zake zote za mwezi na ukapitiliza. Unaondoka Januari unamwachia bei nyingine na taa zilezile mbili na redio. Kama unaenda kuchaji kwa bibi, basi muachie hela ya LUKU ya kutosha, na umuelekeze.

Kwa hiyo inatakiwa chaji ya haraka, ile ya kilowati 50 kwenda juu inayokupa asilimia 80 ndani ya dakika 40 mpaka saa moja. Hapa watu wanadhani ni suala la kuweka tu mashine Korogwe imeisha. Ngoja. Kwanza plagi, Leaf ya Japani inatumia CHAdeMO, gari za Kichina zina GB/T, za Ulaya zina CCS2, na sisi tunaingiza zote, kwa hiyo mashine yako iwe na midomo mitatu au uchague nani umkatae. Pili joto. Leaf betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, inategemea upepo tu, na hili lina historia: 2012 wenye Leaf kule Arizona, jangwani, walilalamika betri zinapoteza uwezo haraka mno na Nissan wakabadilisha kemia ya betri baadaye. Halafu 2018 wenye Leaf za uniti 40 Ulaya wakaja na malalamiko yao, ukichaji haraka mara ya pili au ya tatu siku hiyohiyo mashine inapunguza kasi ya kuchaji sana kwa sababu betri imeshapata moto. Hiyo ni Ulaya. Wewe unataka kuchaji mara ya pili Mombo saa 7 mchana Desemba, lami inafuka. Ile dakika 40 ya kwenye karatasi usiitegemee.

Tatu, na mi naona hii ndiyo kubwa, ni Desemba yenyewe. Chukulia kuna mashine moja Korogwe, inahudumia gari moja kwa dakika 45. Tarehe 22 wamefika watu 10 kwa pamoja, na watafika, kwa sababu Wachaga wote wanaondoka wiki ileile. Wa mwisho anasubiri karibu masaa 7. Pampu ya petroli gari 10 zinaisha kabla hujamaliza soda. Ukisema basi tuweke mashine 10, nani anazilipia Machi na Aprili ambapo zinahudumia gari mbili kwa wiki? Mfanyabiashara yeyote atakwambia mtaji hauwezi kukaa unasubiri wiki mbili za mwisho wa mwaka. Sheli inaishi kwa malori na mabasi na bodaboda mwaka mzima, likizo ya Desemba ni nyongeza tu. Chaja ya njia kuu kwa sasa haina hao wateja wa mwaka mzima, na mpaka iwapate hakuna serikali wala kampuni itakayoijaza njia kwa ajili ya krismasi.

Wanaotolea mfano Norway, kweli, 2024 karibu gari 9 kati ya kila 10 mpya zilizouzwa kule zilikuwa za umeme kamili, na kule kuna milima na baridi inayopunguza betri kuliko joto letu. Ila serikali ile iliweka hela mapema kuhakikisha njia kuu zina chaja za haraka kila kilomita 50 hivi, wakati magari bado machache, ikakubali mashine zikae tupu kwanza. Umoja wa Ulaya nao umeweka sheria ya vituo kila kilomita 60 kwenye barabara zao kuu. Walianza na njia, gari zikafuata. Ethiopia wamefanya kinyume, Januari 2024 wakapiga marufuku kuingiza gari za mafuta, gari zikaja kwanza, na mwenye gari ya umeme Addis anaishi vizuri ila akitaka kwenda mbali anakutana na hesabu kama zetu hizihizi. Rwanda usiilete hapa, nchi nzima unaivuka kwa betri moja.

Na umeme wenyewe? Watu wakisikia gari ya umeme wanacheka wanasema tanesco hii hii? Mgao wa mwishoni mwa 2023 bado tunaukumbuka. Ila kwa uzalishaji hali siyo ile, Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 limeanza kuingiza umeme Februari 2024 na limeongeza mitambo tangu hapo. Shida ni kuusafirisha. Machi 2025 Rais Samia alisema akiwa huko Kilimanjaro kwamba mikoa ya kaskazini italetewa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, sababu mojawapo ni upotevu mkubwa kwenye laini ndefu kutoka huku kunakozalishwa. Kwa hiyo aisee hata umeme wenyewe ukisafiri kwenda Moshi unachoka njiani, sembuse Leaf.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba hili somo tumeshalisoma na gari za gesi. Dar watu wamefunga mitungi, wamepunguza gharama zaidi ya nusu, foleni za kujaza gesi zinakera mpaka basi, lakini umewahi kusikia mwenye gari ya gesi ameshindwa kwenda Moshi? Hapana, kwa sababu tenki la petroli liko palepale, gesi ikiisha Chalinze anabonyeza swichi anaendelea. Mtanzania alichagua teknolojia mpya kwa kazi ya kila siku na akaacha ya zamani kama akiba ya safari, bila semina ya mtu yeyote. Upande wa umeme gari inayofanana na hiyo ni ile haibridi ya kuchomeka, mfano Mitsubishi Outlander PHEV, kuanzia 2013 zipo, betri ya mwanzo uniti 12, ndogo, lakini Mbezi mpaka Posta inakupeleka kwa umeme na Moshi inakupeleka kwa petroli. Kwa mtu mwenye gari moja tu nyumbani na anayetaka umeme, mi ningemwambia aangalie huko kabla ya Leaf. Na tafadhali msichanganye na Note e-Power, ile haichomekwi popote, ina injini ya petroli inayozalisha umeme wa kusukuma gari, madalali wanaiuza kwa jina la gari ya umeme na mtu anafika nyumbani anatafuta pa kuchomeka hapaoni.

Lakini swali lenyewe la Moshi nalo tuliangalie vizuri. Tunachagua gari ya siku 365 kwa kuangalia siku mbili, ya kwenda na ya kurudi. Najua sababu, gari ya krismasi siyo usafiri tu, ni ripoti ya mwaka, ukoo mzima unaisoma ikiingia getini. Ila piga hesabu. Mtu anayezunguka Dar kilomita 1,000 kwa mwezi, kwenye foleni gari ndogo ya petroli inampa kilomita 11 kwa lita, kwa mwaka ni lita 1,090, tuchukulie lita ni 3,000 hesabu iwe rahisi, ni kama milioni 3.3. Leaf kwa mizunguko hiyohiyo, na umeme unaopotea wakati wa kuchaji umehesabiwa, inakula kama uniti 2,100, kwa 356 ni laki saba na nusu. Imebaki milioni 2.5. Toa hapo ukodi Noah ya laki na nusu kwa siku, wiki nzima, ni milioni na elfu 50, jaza mafuta kwenda na kurudi, nunua na mbuzi, bado kuna chenji ya kulipia ada ya Januari. Na hapo sijaweka oili, plagi za injini na vitu vingine ambavyo Leaf haina. Betri ikifa ni hela nyingi kweli, ndiyo maana unapima afya yake kwa kifaa kabla ya kulipa, siyo kwa kuangalia rangi na matairi.

Kwa safari ndefu zenyewe mi nadhani tunaanzia pabaya tukidai chaja kubwa za mamilioni. Ambacho kingesaidia mapema ni loji za njiani kufunga soketi za kilowati 7 zenye mita yake, nne tu uani, mgeni anafika jioni anachomeka, analipa uniti zake tofauti na chumba, asubuhi betri imejaa. Gharama yake haifanani kabisa na ya mashine ya haraka, na loji ina wateja mwaka mzima hata asipokuja mwenye gari ya umeme. Ila mwenye Leaf ya Japani aangalie kwanza, nyingi zimekuja na chaja ya ndani ya kilowati 3 tu, ile ya 6 ilikuwa ya kuongeza hela, na ukiwa na ya 3 hata ukichomeka kwenye 7 inakula 3 yake ileile. Siku nikisikia loji moja Korogwe na nyingine Same zimefanya hivyo, jibu langu kwa mwenye Leaf ya uniti 62 litakuwa nenda, lala Korogwe, kula samaki, kesho uko Moshi. Wa uniti 40 nitamwambia apige hesabu kwanza. Mwenye ile ya mwanzo ya uniti 24, ambayo hata ikiwa mpya Wamarekani waliipa kilomita 117, huyo Chalinze tu anaiona kwa mbali, apande basi.